Kutoka sumu ya panya hadi betri ya pikipiki: historia ya mlinganyo uliomo ndani ya kompyuta

Mhandisi anayebuni betri ya pikipiki ya umeme siku hizi haanzi kwa kuchanganya kemikali. Anakaa mbele ya kompyuta, anachora seli, anaonyesha uso upi ndio elektrodi, kisha programu inamfungulia visanduku vichache vya kujaza. Kimojawapo kinamtaka aseme mmenyuko unakwenda kwa kasi gani pale elektrodi inapogusana na elektrolaiti. Akikijaza ovyo, picha zote za rangi zitakazofuata zitakuwa za uongo, hata zikivutia namna gani.

Chanzo cha kisanduku hicho ni maabara moja ya Ujerumani, na mkemia ambaye shida yake wala haikuwa betri. Alikuwa anahangaika na strikinini, ile sumu inayojulikana zaidi kwa kuua panya.

Jina lake Julius Tafel, Mswisi aliyekuwa akifundisha Würzburg. Alitaka kutumia umeme kuziongezea haidrojeni molekuli ngumu kama hiyo strikinini. Kikwazo chake anakijua kila aliyewahi kupitisha umeme kwenye maji yenye asidi: umeme mwingi unaishia kutoa mapovu ya haidrojeni. Tafel aliona kwamba akitumia elektrodi ya risasi au ya zebaki mapovu yanachelewa, na umeme unabaki kufanya kazi aliyoikusudia. Mtu mwingine angeshukuru na kuendelea na strikinini yake. Yeye akaanza kukupima kule kuchelewa kwenyewe.

Mwaka 1905 alichapisha alichokipata. Ukitaka mkondo uongezeke mara 10, lazima uongeze volti kwa kiasi fulani, ambacho kwa haidrojeni kwenye metali kama zebaki ni takriban 0.12. Ukiutaka uongezeke mara 10 tena, unaongeza 0.12 nyingine. Kabla yake, mkemia Walther Nernst alikuwa ameshatoa, mwaka 1889, hesabu ya volti ya seli iliyotulia, ambayo haitoi wala kupokea mkondo. Hesabu ya Nernst inakwambia kama mmenyuko unawezekana. Ya Tafel inakwambia utakwenda kwa kasi gani, na kwa anayeunda kitu cha kuuzwa, hilo ndilo swali lenyewe. Afya mbovu ilimtoa Tafel kazini mapema, akafariki mwaka 1918 bila kujua kwamba jina lake lingedumu kwa sababu ya mapovu aliyokuwa akiyakwepa.

Alichoacha kilikuwa kanuni ya vipimo isiyo na maelezo. Maelezo yalikuja kwa awamu mbili. Mwaka 1924 Mwingereza John Butler aliutazama uso wa elektrodi kama mahali penye safari mbili kwa wakati mmoja. Ni kama pantoni ya Kigamboni, Dar es Salaam: hata siku ambayo idadi ya watu haiongezeki upande wowote, bado kuna wanaokwenda na wanaorudi. Elektrodi iliyotulia nayo ina mkondo wa kwenda na mkondo wa kurudi, yote sawasawa, hivyo mita haioni kitu. Ukubwa wa safari hiyo iliyofichika ndio unaoitwa mkondo wa mabadilishano, nao unategemea sana metali uliyoitumia. Kwa haidrojeni, tofauti kati ya platinamu na zebaki inafika karibu mara bilioni moja. Ndiyo sababu zebaki ilimfaa Tafel, na ni sababu mojawapo ya watengenezaji wa seli za haidrojeni kuvumilia bei ya platinamu.

Mwaka 1930, huko Berlin, Max Volmer na kijana wa Kihungaria, Tibor Erdey-Grúz, waliongeza kipande kilichokuwa kinakosekana: volti unayoiongeza haiendi yote kuusukuma mmenyuko mbele, sehemu yake tu ndiyo inayofanya hivyo, na sehemu iliyobaki inauzuia ule wa kurudi. Vipande hivyo vikiunganishwa unapata mlinganyo unaofundishwa hadi leo kwa jina la Butler na Volmer. Erdey-Grúz, ambaye baadaye aliongoza Akademia ya Sayansi ya Hungaria, ameachwa nje ya jina. Kwa maoni yangu hilo ni deni ambalo vitabu havijalilipa. Volmer naye hakuwa na maisha matulivu: baada ya vita alipelekwa Umoja wa Kisovieti kufanya kazi ya maji mazito, akarudi Ujerumani Mashariki mwaka 1955.

Basi kufikia 1930 mlinganyo ulikuwa umekamilika. Kwa nini betri haikukokotolewa kwa kompyuta hadi miongo mingi baadaye?

Kwanza, uso wa elektrodi haufanyi kazi peke yake. Mmenyuko unakula ioni zilizo karibu, nyingine lazima zisafiri kuja kujaza pengo, na zikichelewa kasi inabadilika. Pili, mlinganyo wenyewe ni mkali. Katika joto la kawaida la chumba, volti 1 ya ziada inaweza kuuzidisha mkondo zaidi ya mara milioni 200. Kompyuta inatatua milinganyo ya aina hii kwa kubahatisha jibu na kulirekebisha hatua kwa hatua. Ikianza na jibu lililokosea kwa volti 1 tu, hesabu inaruka na kupotea kabisa. Wahandisi wa sasa wana ujanja wao: wanaanza na kasi iliyorahisishwa, mstari mnyoofu, kisha wanaikaza hesabu kidogo kidogo mpaka ukali wote urudi.

Aliyeifungua njia ni John Newman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwaka 1968 alichapisha mbinu ambayo wanafunzi wake waliizoea kwa jina la BAND, programu fupi ya lugha ya Fortran. Aligawa unene wa seli katika vituo vingi, akatumia ukweli kwamba kila kituo kinahusiana na jirani zake wawili tu. Sehemu kubwa ya jedwali la hesabu ikawa sifuri, na sifuri hazihitaji kuhifadhiwa. Wakati ule kumbukumbu ya kompyuta nzima ilikuwa ndogo kuliko ya simu ya bei rahisi ya leo, kwa hiyo uwekaji akiba huo ndio uliolifanya jambo liwezekane.

Sony ilipouza betri za kwanza za lithiamu-ioni mwaka 1991, kundi la Newman lilikuwa na zana tayari. Mwaka 1993, pamoja na wanafunzi wake Marc Doyle na Thomas Fuller, alichapisha modeli inayofuata lithiamu katika njia mbili: kuvuka unene wa seli, na kuingia ndani ya kila chembe ya elektrodi, chembe ambayo kipenyo chake ni maikromita chache. Njia hizo mbili zinakutana kwenye ngozi ya chembe, na hapo ndipo kasi ya Butler na Volmer inapokaa. Mwaka uliofuata walitoa modeli ya elektrodi mbili za kupokea ioni, na programu yao, DUALFOIL, ikagawiwa bure. Modeli hii ndiyo inayoweza kumwonya mhandisi kwamba akichaji kwa pupa kwenye baridi, lithiamu itaanza kujibandika juu ya grafiti kama metali badala ya kuingia ndani. Hapo betri inaharibika, na mara nyingine inakuwa hatari.

Programu za kibiashara zilifuata. COMSOL, kampuni iliyoanzishwa Stockholm mwaka 1986, ilitoa FEMLAB mwaka 1998, na baadaye ikaongeza vifaa maalumu vya betri, kutu na upakaji metali kwa umeme. Hapo ndipo visanduku vya kujaza vilipoingia mikononi mwa mtu asiyeandika Fortran.

Asidhani mtu kwamba mambo haya ni ya mbali. Kwenye viwanda vya shaba vya Kolwezi na Likasi, huko Katanga nchini Kongo, shaba inatolewa kwenye myeyusho wa asidi kwa umeme na kujibandika kwenye bamba, huku oksijeni ikitoka kwenye anodi za risasi. Hesabu ya Nernst inadai takriban volti 0.9 kwa kila seli. Kiwanda kinalipia karibu 2. Sehemu kubwa ya ziada hiyo inatokana na kuchelewa kwa oksijeni kutoka juu ya risasi, ndugu wa kule kuchelewa kwa haidrojeni alikokupima Tafel. Kila tani ya shaba inayotolewa hivyo ina bili ya umeme yenye alama ya kuchelewa huko.

Leo mwanafunzi wa Dar es Salaam, Kigali au Lubumbashi anaweza kupakua PyBaMM, programu ya bure iliyotokana na kazi ya watafiti wa Uingereza, na kuendesha modeli ya Newman kwenye kompyuta ya kawaida kwa sekunde chache. Hesabu si tatizo tena. Tatizo ni namba. Mkondo wa mabadilishano wa betri iliyoko mezani kwako haumo ndani ya programu yoyote. Upo kwenye elektrodi, na unapatikana kwa kupima kama Tafel alivyopima, kwa subira na potensiostati nzuri, yaani kifaa kinachoshikilia volti na kupima mkondo. Wakuu wa idara za uhandisi wanaoandaa bajeti ya mwaka ujao wanaombwa wanunue kifaa hicho kabla ya kulipia leseni ya programu nyingine ya kuchora picha.