Njia ya Anga ya Kusini

Mwaka wa 1876 Askofu Edward Steere na wenziwe, watu waliokombolewa utumwani, walitoka Lindi hadi Masasi kwa miguu. Mwaka wa 1937 ndege za majini za Imperial Airways zikaanza kutua Lindi zikielekea Durban; lakini mtu wa Newala hakuweza kuipanda ila ameshuka kwanza pwani.

Tarehe 1 Januari 1946 East African Airways ikaanza kazi kwa eropleni sita ziitwazo Dominie: za mbao na kitambaa, zenye injini mbili, abiria wasiozidi wanane. Zilikuwa ndogo, lakini mto uliofurika haukuzizuia. Mradi wa karanga ulipoanza mwaka wa 1947, Nachingwea nayo ikapata kiwanja, karibu na Masasi kuliko Lindi.

Shirika lile, mali ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, lilikufa mwaka wa 1977, si kwa uchakavu wa mashine, bali kwa ugomvi wa fedha baina ya wenyewe. Basi na tukumbuke: njia ya mbali yenye abiria wachache haijilipii, hudumu maadamu wengi wakubali kuichangia.