Deni, Rehani na Mwaka wa Kuachilia

Wayahudi waliorudi kutoka Babeli walikutana na njaa, na juu ya njaa kodi ya mfalme wa Uajemi. Nehemia sura ya 5 inaeleza yaliyofuata. Waliweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka. Wengine walikopa fedha ya kulipia kodi, na mali ilipokwisha wakawatoa wana na binti zao kuwa watumwa. Waliowakopesha hawakuwa wageni, bali ndugu zao waliokuwa wakijenga nao ukuta uleule. Nehemia, aliyefika Yerusalemu yapata mwaka 445 kabla ya Kristo, hakujitoa katika kesi hiyo: alisema wazi kwamba yeye na watu wake nao walikuwa wakikopesha. Kisha akawataka wote warudishe mashamba siku hiyohiyo, pamoja na ile sehemu ya mia waliyokuwa wakitoza. Wafafanuzi wengi huielewa kuwa asilimia 1 kwa mwezi. Msomaji aishike namba hiyo.

Torati ilikuwa imeweka njia mapema. Kumbukumbu la Torati 15 inaamuru maachilio ya deni kila mwaka wa saba, na Walawi 25 inarudisha ardhi kwa wenyewe mwaka wa hamsini. Sura ya 24 ya Kumbukumbu inakataza kuchukua rehani ya jiwe la kusagia, na inataka nguo ya maskini irudishwe kabla ya jua kuchwa. Lakini mwenye fedha ana akili zake. Mwaka wa saba ulipokaribia, alifunga mkono. Ndiyo maana Hillel, mwalimu wa Kiyahudi aliyeishi muda mfupi kabla ya huduma ya Yesu, aliruhusu deni likabidhiwe kwa baraza la mahakama ili lisifutwe. Simlaumu sana, alitaka maskini apate wa kumkopesha. Hata hivyo, tangu hapo maachilio yalibaki zaidi katika kitabu kuliko katika soko.

Kwetu Afrika Mashariki, kuweka mtu rehani si hadithi ya Biblia peke yake. Katika njaa ya 1884 Wamijikenda wa pwani ya Kenya waliwapeleka jamaa zao kwa wenye nafaka, kwa matumaini ya kuwakomboa mvua zikinyesha. Jirani zetu wa Ugogo walipata njaa waliyoiita Mtunya, kati ya 1917 na 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Wapo waliowatoa watoto wao kwa wenye chakula. Tofauti na watu wa Nehemia, hawakuwa wamekopa kwa anasa wala kwa uzembe. Naam, hata wale wa Nehemia hawakukopa kwa anasa. Neno hili nalisisitiza kwa sababu makanisani mara nyingi tunamhubiria mdaiwa kana kwamba deni lake lilianzia kwenye tamaa.

Waingereza walikuja na dawa yao. Mwaka 1923 serikali ya Tanganyika ilitunga amri ya kuzuia mikopo kwa wenyeji: mfanyabiashara asiye Mwafrika hakuweza kumdai Mwafrika mahakamani isipokuwa mkopo huo uwe umeidhinishwa na ofisa wa serikali. Kwa juujuu ilikuwa huruma, kwa kuwa mkulima hakuweza kunyang'anywa kwa deni la dukani. Lakini kinga hiyo ilimhesabu mtu mzima kuwa mtoto. Mwafrika aliyetaka kufungua duka alikosa bidhaa za mkopo, wakati mwenzake Mhindi alizipata kwa neno la mdomo. Kumlinda mtu na deni kwa kumnyima kuaminiwa ni msaada wa namna ya ajabu.

Waingereza hao hao walituachia Sheria ya Ufilisi, ambayo leo ni Sura ya 25 ya sheria za Tanzania. Mdaiwa asiyeweza kulipa anaweza yeye mwenyewe kuiomba Mahakama Kuu imtangaze mufilisi. Mali yake hukusanywa na kugawiwa wanaomdai, na baadaye mahakama inaweza kumwachilia aanze upya. Ni maachilio ya kweli, ila Mahakama Kuu iko mbali na mama muuza vitunguu, na gharama ya kuifikia huweza kuzidi deni lenyewe. Anachokijua yeye ni upande mwingine wa sheria: mdaiwa aliyeshindwa kesi anaweza kupelekwa gereza la madai hadi miezi sita, na akitoka deni bado liko palepale.

Kuna kifungu kingine kisichosikika sana. Sheria ya Mwenendo wa Madai ya 1966 inakataza dalali wa mahakama kukamata nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na familia yake, zana za fundi, jembe la mkulima na mbegu zake, hata nyumba anayoishi na wanawe. Ukiisoma kando ya Kumbukumbu la Torati 24 utadhani Musa alikaa na waliotunga.

Nchi yenyewe ilionja maachilio. Katika miaka ya 1980 Mwalimu Nyerere aliuliza kama ni lazima tuwaache watoto wetu na njaa ili tulipe madeni. Mei 1998, yapata watu 70,000, wengi wao wa makanisa, walishikana mikono kuuzunguka mji wa Birmingham, Uingereza, wakiwadai wakuu wa mataifa tajiri wafute madeni ya nchi maskini, na kampeni yao waliipa jina la Yubile. Novemba 2001 Tanzania ilikubaliwa msamaha wa takribani dola bilioni 3, uliopangwa kwa miaka mingi. Miaka hiyohiyo ada ya shule ya msingi iliondolewa, na madarasa yakafurika.

Makanisa yaliandamana kwa ajili ya deni la taifa. Kwa deni la Mkristo mmoja mmoja hatujaandamana.

Na deni hilo lipo. Hapa kwetu, ambapo njia ya Itigi inaachana na barabara kuu ya Singida, mkulima wa alizeti hukosa fedha wakati wa kulima na kuvuna ni miezi mbele. Huuza mazao yangali shambani, au huchukua mkopo ambao nchi nzima inauita kausha damu. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, Benki Kuu iliweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa kampuni zenye leseni. Ni zaidi ya mara tatu ya ile aliyoikemea Nehemia, na kausha damu huivuka bila aibu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila kibali.

Wakopeshaji wa namna hiyo hawaendi mahakamani. Huja wenyewe na pikipiki, wakabeba sufuria, godoro na kuku mbele ya watoto. Mzee wa kanisa akiitwa na jirani asubuhi kama hiyo, aombe kuona vitu vitatu kabla sufuria haijatoka mlangoni: leseni ya mkopeshaji, mkataba wenye riba iliyoandikwa, na amri ya mahakama.