Jengo la Bauhaus, Dessau, Ujerumani
Lilifunguliwa Desemba 1926

Nyuma ya ukuta huu wa vioo zilikuwa karakana. Wanafunzi walijifunza useremala, ufumaji, uchapaji na uhunzi, wakibuni vitu vya nyumbani vya kutengenezwa viwandani. Msanifu wa jengo alikuwa Walter Gropius, mkuu wa chuo cha Bauhaus wakati huo.

Tazama madirisha: fundi akizungusha gurudumu, mnyororo huvuta na safu nzima hufunguka pamoja. Hewa ilihitajika kweli. Jua la kiangazi liligeuza karakana kuwa tanuri.

Vyumba 28 vya wanafunzi vilikuwa katika sehemu ya jengo yenye roshani ndogo.

Mwaka 1932 baraza la mji, likiongozwa na Wanazi, lilikifunga chuo. Mabomu yaliharibu vioo 1945. Hivi unavyoviona ni vya ukarabati wa 1976. Urithi wa Dunia tangu 1996.