Ndoa hufungwa, cheti huchukuliwa: Historia fupi kutoka Majoreni

KIJANA mmoja wa Majoreni, kule Lunga Lunga katika Kaunti ya Kwale, aliniuliza hivi majuzi: "Mwalimu, leseni ya ndoa mtu huichukulia wapi? Ni kwa mahakama ya kaunti?" Swali lenyewe ni fupi, lakini limebeba historia ya zaidi ya miaka 100, na ndiyo ninayonuia kuieleza leo.

Kwanza tuondoe tatizo dogo. Kenya haina mahakama ya kaunti. Serikali za kaunti zilianza kazi mwaka wa 2013 na kila moja ina bunge lake, lakini mahakama zilibaki mikononi mwa taifa. Mahakama za mjini Kwale, ya hakimu na ya kadhi, zote ni za Jamhuri.

Tatizo la pili ni la kiisimu, nalo lina uzito zaidi. Leseni katika Kiswahili ni ruhusa unayopewa kabla ya kutenda. Dereva huwa nayo, mwenye duka huwa nayo. Katika majimbo mengi ya Marekani, wachumba huchukua kibali serikalini kwanza, kisha ndipo waoane. Na hata kwetu sheria inaijua leseni maalumu kwa wanaotaka ndoa ya kiserikali bila ya kungoja siku za ilani. Lakini wengi wetu tunapokwenda kwa msajili tunatafuta kitu kingine, yaani cheti. Cheti hufuata tendo. Huthibitisha kilichokwisha kufanyika. Anayeyachanganya maneno haya mawili huanza kuamini kwamba serikali ndiyo inayoozesha.

Hebu tuyachunguze maneno yenyewe. Ndoa ni letu la asili, limezaliwa na kitenzi oa. Jirani zetu Wadigo husema kulola, na wanaisimu wanatuambia kwamba Kiswahili kiliidondosha ile l ya zamani. Haikupotea kabisa, maana ukisema kuolewa inachungulia tena. Cheti kwa upande wake ni mgeni kutoka Bara Hindi, chitthi, yaani barua fupi au kikaratasi, na mabiashara ya Bahari ya Hindi ndiyo yaliyokileta. Masikio ya Waswahili yaliisikia ile ch ya mwanzo kana kwamba ni ya chakula na choo, wakaipa wingi: cheti, vyeti. Kadhi, mahari, talaka na mahakama vilitoka Uarabuni. Korti na leseni vilikuja na Mwingereza. Kwa hivyo tendo lina jina la Kibantu, na kila tabaka la utawala lililofuata likaliongezea karatasi yake na jina la karatasi hiyo.

Kabla ya karatasi, ndoa ya pwani ilithibitishwa na watu. Kwa Waislamu palihitajika walii wa mwanamke, mashahidi wawili, mahari na maneno ya kuozesha na kukubali. Hakuna sharti la kalamu hapo. Kwa Wadigo, ambao zamani walihesabu ukoo kwa upande wa mama na kuuita fuko, mjomba alikuwa na sauti kubwa. Palikuwa na kilemba na mkaja, kila kimoja na mwenyewe. Waliokula pilau ndio waliokuwa daftari. Mtu akija kukana miaka 10 baadaye, kijiji kizima kilimkumbusha.

Kisha ikaja mipaka. Mwaka wa 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana bara kwa mstari ulioanzia mlango wa Mto Umba, karibu na Vanga, na kuwakata Wavumba na Wadigo vipande viwili. Desemba 1895 Sultani wa Zanzibar aliwakabidhi Waingereza utawala wa ukanda wa pwani wa maili 10, huku bendera na dini yake vikiheshimiwa. Majoreni imo ndani ya ukanda huo. Ndiyo maana makadhi waliendelea na kazi chini ya Mwingereza, sambamba na maliwali na mamudiri.

Mwingereza hakuridhika na daftari la pilau. Mwaka wa 1902 alitunga sheria ya ndoa ya mke mmoja kwa mfano wa kwao. Mwaka wa 1906 ikafuata ya kusajili ndoa na talaka za Waislamu. Kila dini ikapata kisanduku chake. Je, aliyeoa kwa mila tu? Jibu lilitoka mahakamani mwaka wa 1917, katika kesi ya Amkeyo. Hoja ilikuwa iwapo mwanamke aliyeolewa kimila angeweza kukataa kutoa ushahidi dhidi ya mumewe, kama mke mwingine yeyote. Jaji Mkuu Hamilton alisema hapana. Alishikilia kwamba kuiita mila hiyo ndoa ni kulitumia neno visivyo, maana kwake yeye huko kulikuwa kununua mke.

Tazama kilichotendeka hapo. Jaji alimnyang'anya mwanamke neno, na kwa kulikosa neno akaikosa haki. Ajabu ni kwamba Kiswahili hakijawahi kuwa na shaka. Mwenye mahari ya sheikh na mwenye kilemba cha mjomba, wote lugha yetu huwaita wameoana. Ati mzungu anunue maana kwa kalamu, nasi tuliokuwa na ndoa tuambiwe tulikuwa sokoni!

Uhuru ulipokaribia, pwani ilisimama njia panda. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, walikubaliana kwamba ukanda ungekuwa sehemu ya Kenya na mahakama za kadhi zilindwe. Sheria ya Mahakama za Kadhi ikatungwa mwaka wa 1967, na Katiba ya 2010 ikaziweka katika kifungu cha 170: hushughulikia hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda huko.

Ng'ambo ya Umba mambo yalikwenda kinyume. Mwaka uo huo wa 1963, Tanganyika ilipitisha Sheria ya Mahakama za Mahakimu iliyozifuta mahakama za kadhi bara. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 ikaziweka ndoa za dini zote na za mila chini ya paa moja, tena ikasema kuwa mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka miwili na kujulikana kama mke na mume, hudhaniwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vingine. Basi ndugu wawili wa Kivumba, mmoja Majoreni na mwingine upande wa Tanga, wenye lahaja moja na nyimbo moja za harusi, wakawa na sheria mbili.

Kenya ilikuja kukusanya visanduku vyake mwaka wa 2014. Sheria ya Ndoa ya mwaka huo ilifuta sheria saba za awali na kutambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu. Umri ni miaka 18 kwa wote. Anayetaka ndoa ya kiserikali hutoa ilani kwa msajili siku zisizopungua 21 kabla. Ndoa ya Kiislamu huongozwa na kadhi, sheikh au imamu aliyeidhinishwa na msajili. Walioana kimila wana miezi mitatu baada ya sherehe kumjulisha msajili. Kanuni za kuzisajili ndoa za kimila zilianza kutumika Agosti 2017. Hesabu mwenyewe: kutoka kesi ya Amkeyo ni miaka 100 kamili.

Kwa nini nayasema haya kwa urefu? Kwa sababu maana ya cheti imegeuka. Kilianza kama kumbukumbu ya ndoa. Leo, mbele ya benki, mfuko wa pensheni au ofisi ya ardhi, ndicho ndoa yenyewe. Majoreni ni kijiji cha bahari, na bahari haitoi ilani ya siku 21. Mvuvi asiporudi, mkewe huulizwa kikaratasi. Atasema sheikh aliyewaozesha alikwisha kufa, walii amekufa, na waliokula pilau wengine wamehamia Mombasa. Aliyekaa naye miaka 20 anageuka kuwa mwanamke fulani tu. Zamani mwanamke kama huyo angeweza kutegemea mahakama imdhanie kuwa mke kutokana na kukaa pamoja kwa muda mrefu, lakini mwaka wa 2023 Mahakama ya Juu ilisema kuwa dhana hiyo itumike kwa nadra. Mlango haujafungwa, ila umebaki upenyo.

Wapo wanaosema kwamba kuandikisha ndoa ni kumkaribisha serikali chumbani, na kwamba ndoa iliyotimiza sharia ya dini haihitaji muhuri. Katika usemi wao mna ukweli: muhuri haufungi ndoa. Lakini wanaosema hivyo mara nyingi ni wanaume, na mwanamume hata bila ya cheti jina lake limo kwenye hati ya shamba na leseni ya chombo. Katika sarufi yetu mume huoa na mke huolewa. Mmoja hutenda, mwingine hutendwa. Kwenye cheti wote wawili wanatia sahihi, na kitenzi kinakuwa oana. Karatasi hiyo ni mojawapo ya mahali pachache ambapo bibi wa Majoreni anasimama mstari mmoja na bwana.

Lakini atie sahihi akijua anatia nini. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, ilhali Sheria ya Ndoa ilitungwa kwa Kiingereza. Maneno tunayo: ilani, walii, mahari, kizuizi, msajili, shahidi. Mengi yalikuwa yakitumika pwani kabla ya msajili wa kwanza kushuka melini. Kuyaandika kwenye fomu si kazi ya miaka 100 mingine.

Kwa hivyo jibu langu kwa kijana wa Majoreni ni hili. Leseni waachie madereva. Ndoa utaifunga kwenu, mbele ya wazee wako na wa mwenzio. Kisha muulize aliyewaozesha kama ameidhinishwa, na cheti mkifuate wawili, mkeka haujakunjwa.