Majani Mabichi Hayamngoji Fundi

Ukitoka Bomet mjini kwenda Kaplong ukakuta tawi la mkaratusi limelala katikati ya lami, usidhani ni upepo. Punguza mwendo. Mbele yake utakuta tawi la pili, pengine la tatu, na mara nyingi nyuma ya kona ndipo utaliona lori lenyewe limekufa, dereva yuko chini ya injini, na tanboi amechutama kando akitafuna muwa. Sheria inataka pembetatu nyekundu za kuonya, zile tunazoziita laifseva. Lakini laifseva huibwa, husahaulika nyumbani, au hukaa kwenye buti zikisubiri kuonyeshwa askari. Mkaratusi haupungui, kwa sababu mashamba na viwanda vya chai huupanda kwa ajili ya kuni za kukaushia majani. Kwa hiyo tawi ndilo onyo letu, na hata mgeni kutoka Busia au Mombasa hulielewa bila kuelezwa.

Mimi nilianza kazi nikiwa tanboi wa lori la kukusanya majani mabichi upande wa Konoin, kisha nikawa dereva, na sasa nimestaafu. Vijana wa bodaboda huniuliza: mzee, kabla ya simu, gari likiharibika huko ndani mlikuwa mnampigia nani? Huwa nacheka kwanza. Jibu lenyewe ni refu, na linaanza kabla sijazaliwa.

Kabla ya lori kulikuwa na mkokoteni. Reli ilipofika ziwani Kisumu mwaka 1901, stesheni iliyohudumia nyanda hizi ilikuwa Lumbwa, ambayo leo ni Kipkelion, na mzigo wa Kericho ulikuwa ukikokotwa na ng'ombe kati ya stesheni hiyo na mji. Ekseli ikivunjika ulimhitaji seremala na mhunzi. Ndiyo maana ukitaka kujua gereji za kwetu zilitoka wapi, lazima uwataje Makalasinga. Kericho Wagon Works, kama jina lenyewe linavyoonyesha, ilikuwa karakana ya mikokoteni. Mmoja wa watu walioianzisha, Puran Singh, alihamia Uingereza baadaye akawa kiongozi wa dini anayeheshimiwa na watu wa imani yake katika nchi nyingi. Hekalu lililojengwa Kericho kwa kumbukumbu yake hulisha bure kila anayeingia, awe wa dini gani. Madereva wa masafa marefu wanalijua sana. Nimekula hapo mara nyingi, na hakuna aliyewahi kuniuliza ninaabudu wapi.

Katika mji huohuo, mwaka 1932, alizaliwa Joginder Singh. Wapenzi wa mbio za magari wanamkumbuka kwa kushinda Safari mara tatu: 1965 kwa Volvo PV544 akiwa na ndugu yake Jaswant, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Colt Lancer. Mimi huvutiwa zaidi na mwaka 1958. Mwaka huo chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, kilichoundwa 1919 na ambacho leo tunakijua kama AA ya Kenya, kilimwajiri awe mtu wake wa kwanza wa doria. Kazi ya mtu wa doria ilikuwa kupita barabarani na kuwasaidia wanachama ambao magari yao yamegoma. Yaani kabla hajapigiwa makofi Nairobi, alikuwa akifunua boneti za watu kando ya njia. Sishangai kwamba mtu huyo ndiye aliyekuja kumaliza mbio ambazo wengine waliziacha matopeni. Katika Safari ya 1963 magari 84 yaliondoka, na 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho. Kukanyaga mafuta kila mtu anaweza. Kusikia bearing inaanza kulia kabla haijasagika ni kazi ya fundi, na Joginder alikuwa fundi tangu ujana wake.

Hata hivyo doria ile ilikuwa ya wanachama, na mwanachama wa siku hizo alikuwa mtu mwenye gari lake na ada yake. Mkulima wa Bomet hakuwamo. Kwake msaada wa barabarani ulikuja kwa njia nyingine kabisa, na njia hiyo ilikuwa chai.

Makampuni makubwa, Brooke Bond na lile la James Finlay, yaliingia Kericho katikati ya miaka ya 1920 yakajenga mashamba yenye karakana na matrekta yao. Ndani ya mashamba hayo, gari likikwama, trekta la kampuni lilikuja. Nje ya uzio hapakuwa na trekta. Mwaka 1964 Serikali ikaunda mamlaka ya kuendeleza chai ya wakulima wadogo, KTDA, na ndipo malori yalipoanza kuingia vijijini kwetu, kwenye njia za udongo mwekundu ambazo hata punda huzifikiria mara mbili mvua ikinyesha. Na kwetu mvua hainyeshi kwa msimu. Hunyesha alasiri, karibu kila siku, saa ileile lori linapojaa.

Sasa mtu asiyelima chai aelewe jambo moja. Jani bichi likishachumwa halisubiri. Likilala kwenye gunia hupata joto, hugeuka jekundu, na chai yake huwa duni. Lazima lifike kiwandani siku ileile. Kwa hiyo lori likikwama chini ya bonde saa kumi na moja jioni, si dereva peke yake aliye taabuni. Kila gunia lililoning'inia kwenye kulabu za lori lina mwenyewe, na mwenyewe amesikia injini ikinguruma pasipo kusogea. Hata huhitaji kupiga honi. Watu hutoka na mapanga na majembe. Wanaume wanachimba mbele ya magurudumu, akina mama wanaleta matawi yaliyokatwa wakati wa kupogoa chai, magumu kama waya, yanasukumwa chini ya tairi. Minyororo inafungwa kwenye magurudumu ya nyuma. Mtu mmoja, lazima mmoja tu, anapewa mamlaka ya kupaza sauti: "Sukuma!" Nimeona kokwet nzima, yaani ujirani mzima, watu ambao asubuhi walikuwa wanashtakiana kwa ajili ya mpaka wa shamba, wamepanga mabega nyuma ya lori moja. Wengine waliita huo ukarimu. Mimi naona ulikuwa pia hesabu: mshahara wao ulikuwa ndani ya lile lori. Sioni aibu yoyote katika hilo. Msaada wenye sababu hudumu kuliko msaada wa huruma.

Hesabu hiyohiyo ndiyo iliyotufundisha ukaguzi. Mzee niliyekuwa tanboi wake hakuwahi kusoma kifungu cha sheria ya trafiki, lakini kabla jua halijatoka alilizunguka lori akianzia gurudumu la mbele la kushoto, kila siku upande uleule. Alichomoa kijiti cha oili, akakipangusa, akakirudisha, akakichomoa tena, akakinusa. Oili yenye harufu ya kuungua alikuwa anaijua. Alifungua rejeta ikiwa bado baridi. Alipima mkazo wa feni belti kwa kidole gumba. Alichungulia katikati ya magurudumu pacha ya nyuma, kwa sababu jiwe likikwama pale hupasua tairi bila wewe kujua. Halafu alichukua spana ya magurudumu akagonga nati moja moja. Nati iliyokazwa hulia kwa sauti kavu. Iliyolegea hulia kama debe. Mwisho aliniambia, "Wee, toa maji." Matangi ya breki za upepo hukusanya maji, hasa kwenye baridi na ukungu kama wetu, na maji hayo yasipotolewa asubuhi, upepo hupungua mahali pale unapouhitaji zaidi. Nilifungua vali, maji yenye kutu yakaruka, hewa ikapiga mluzi. Hapo ndipo alipoingia kwenye kiti.

Na alikuwa na kanuni moja ya milima ambayo madereva wote wa zamani wanaijua: gia uliyopandia ndiyo uishukie. Kuteremka kwa nyutro ili kuokoa mafuta alikuita kujiua kwa bei nafuu. Breki zinazokanyagwa kutoka kileleni hadi bondeni hupata moto, na breki zenye moto hazishiki.

Sheria ilikuja taratibu. Mwaka 1973 Rais Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni ya uchukuzi, nazo zikaenea mpaka kwetu. Mwaka 1984 Bunge likazirudisha chini ya sheria. Februari 2004 zikaja kanuni za waziri John Michuki: vidhibiti mwendo, mikanda, mstari wa manjano. Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Ukiangalia vizuri, hatua nyingi kati ya hizo zilifuata mazishi. Agosti 2013 basi lilipinduka Ntulele, kwenye barabara hiihii ya Narok tunayotumia kwenda Nairobi, likaua watu 41. Kabla mwaka haujaisha mabasi ya usiku yakapigwa marufuku. Oktoba 2018 basi lingine likaanguka Fort Ternan, usiku, zaidi ya 50 wakafa. Juni 30, 2023, jioni, lori likapoteza mwelekeo pale Londiani Junction, likavamia matatu, bodaboda na wachuuzi wa kando ya barabara. Zaidi ya 50 tena. Baadhi ya waliokufa hawakuwa wakisafiri. Walikuwa wakiuza viazi na mboga.

Nikitaja hayo lazima nitaje na Sachangwan. Januari 31, 2009, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaja na mitungi kuchota, moto ukalipuka, zaidi ya 100 wakafa. Ule mwito wetu wa kukimbilia lori lililoanguka, ambao bondeni ulikuwa uhai, pale ukawa kifo. Kwa hiyo nawaambia vijana: lori la majani likianguka, njooni na mapanga. Lori la mafuta likianguka, kazi ya kwanza ya msaidizi ni kuwarudisha watu nyuma na kuzima sigara.

Sidharau ukaguzi wa Serikali. Stika kwenye kioo ni jambo jema. Lakini nimeona kwa macho yangu matairi ya kuazima yakifungwa asubuhi ya ukaguzi na kufunguliwa jioni, na gari likirudi barabarani na yale yenye waya nje. Ukaguzi wa mara moja kwa mwaka unaweza kudanganywa. Ule wa mzee wangu haukudanganyika kwa sababu aliufanya yeye mwenyewe, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa anashuka mlima.

Siku hizi lami imefika mbali, na badala ya lori moja la kijiji tuna Probox zinazobeba watu mpaka kwenye buti. Fundi wa jua kali anafika kwa bodaboda akiwa na mkoba wa spana kabla hujamaliza kumweleza ulipo. Msaada umekuwa rahisi, na kwa sababu hiyo uangalifu umepungua.

Ombi langu kwa serikali za kaunti zetu mbili, Bomet na Kericho, pamoja na wajenzi wa barabara kuu, ni dogo. Wekeni kituo cha malori juu ya kila mteremko mrefu, mahali dereva anaweza kuegesha, kugusa magurudumu yake na kuingiza gia ya kushukia kabla hajaanza kuteremka, na muwahamishe wachuuzi kutoka chini ya miteremko hiyo mkiwapa soko lenye paa mahali pengine. Na wewe mwenye gari dogo, ukishabadilisha gurudumu lako, usiondoke ukaacha yale mawe uliyokingia tairi. Atakayekuja usiku na pikipiki hatayaona.