Hataza: Mwanasheria wa kampuni na wakili wa kujitegemea, nani anafanya nini?

Chukulia karakana moja kata ya Singe, Babati mjini. Fundi kaunda mashine ya kupukuchua mbaazi ambayo haivunji punje. Mwezi wa nane anaipeleka viwanja vya Themi, Arusha, kwenye maonyesho ya Nanenane. Watu wanapiga picha, video zinasambaa WhatsApp. Novemba mwenye karakana ndiyo anamtafuta wakili "asajili hataza".

Mfano huu ni wa kufikirika, ila kosa lake ni la kila siku. Wakili kaitwa wakati siri imeshatoka.

Hataza ni nini?

Ni haki ya kisheria inayomwezesha mmiliki wa uvumbuzi kuwazuia wengine kuutengeneza, kuutumia au kuuuza bila ruhusa yake, kwa muda maalumu. Ili ipatikane, uvumbuzi uwe mpya, uwe na hatua ya kiuvumbuzi (yaani usiwe jambo ambalo fundi yeyote angeliwaza), na uweze kutumika viwandani, kilimo kikiwemo.

Kwenye "upya" ndipo wengi wanakwama. Zipo nchi zinazompa mvumbuzi muda wa nafuu baada ya kuonyesha kazi yake. Ofisi ya Hataza ya Ulaya ni kali zaidi: ukishaonyesha hadharani kabla ya kuomba, kwa kawaida umeipoteza.

Inaombwa wapi?

Tanzania Bara, ombi linapelekwa BRELA chini ya Sheria ya Usajili wa Hataza, Sura ya 217. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2008 na wakala wake, BPRA. Kwa hiyo hataza ya Bara haivuki bahari.

Njia nyingine ni ARIPO, shirika la miliki ubunifu la kanda lenye makao Harare, Zimbabwe. Chini ya Itifaki ya Harare ya 1982, ombi moja linaweza kutaja nchi kadhaa wanachama, zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania, ambayo iliingia mwaka 1999. Itifaki hiyo inalinda pia modeli za matumizi, zinazofaa kwa maboresho madogo ya mashine.

Ukishaomba nchi moja, Mkataba wa Paris unakupa miezi 12 kuomba kwingine huku ukihesabiwa tarehe ile ile ya kwanza. Miezi hiyo ikipita, kipaumbele kimepotea.

Kazi inagawanywaje?

Kampuni kubwa huwa na mwanasheria wake aliyeajiriwa. Huyu anajua bidhaa ipi inaleta fedha, mshindani ni nani, soko linaelekea wapi na bajeti ikoje. Kazi yake ni kuamua kipi kilindwe, nchi zipi, na kipi kibaki siri ya biashara.

Wakili wa kujitegemea anakodiwa kwa utaalamu. Anaandika maelezo na madai ya hataza, yaani sentensi zinazochora mpaka wa haki yenyewe. Anajibu hoja za ofisi ya usajili na kwenda mahakamani ikibidi.

Hapo ndipo penye mtego. Wakili asipoambiwa mpango wa biashara, ataandika madai mazuri kisheria yanayolinda kitu kisicho na soko. Kwa mashine ya Singe, anaweza kulinda umbo la fremu, kumbe siri yote iko kwenye meno ya ngoma. Mshindani atabadili fremu tu, mchezo umeisha.

Tarehe ni za nani?

Hili ni swali dogo lenye gharama kubwa. Hataza hulipiwa ada kila mwaka, na ada isipolipwa haki inakufa. Mwanasheria wa kampuni anadhani wakili anafuatilia. Wakili anasubiri maelekezo. Dawa yake ni kuandika kwenye barua ya makubaliano: nani anatunza kalenda, nani anaidhinisha malipo, na mteja asipojibu inakuwaje.

Siri nayo ina mipaka. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, Sura ya 6, inalinda mawasiliano ya wakili na mteja wake. Lakini mwaka 2010, katika kesi ya Akzo Nobel, Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kuwa barua pepe za kampuni na mwanasheria wake wa kuajiriwa hazina kinga hiyo katika uchunguzi wa Ulaya wa masuala ya ushindani.

Mmiliki ni nani hasa?

M-Pesa ilizinduliwa Kenya na Safaricom Machi 2007, lakini chapa na mfumo vilikuwa mali ya Vodafone ya Uingereza, na Safaricom ilikuwa ikilipia. Ni mwaka 2020 ndipo Safaricom na Vodacom zilipovinunua kwa pamoja. Bidhaa inaweza kutumiwa na mtaa mzima huku mwenyewe akiwa mbali.

Kwa karakana, swali ni lile lile: fundi akibuni akiwa kazini, mashine ni ya nani? Mkataba wa kazi useme mapema.

Karakana isiyo na mwanasheria ifanyeje?

Kazi ya mwanasheria wa ndani bado ipo, ila itafanywa na mwenye karakana mwenyewe. Kabla ya kumwona wakili, aandike kurasa mbili: mashine inatatua nini, sehemu ipi ni mpya, nani ameshaiona, na anataka kuuza wapi. Atakayeonyeshwa mapema asaini kwanza mkataba wa kutunza siri.

Na mashine ibaki ndani mpaka tarehe ya ombi ipatikane. Nanenane hurudi kila mwaka, upya haurudi.