Wakfu wa Daraja la Rochester

Mji wa Rochester, kusini-mashariki mwa Uingereza, uko pale barabara kuu ya zamani kutoka London kwenda Canterbury na Dover inapovuka mto Medway. Daraja la kwanza hapo lilijengwa na Warumi. Hata kabla ya Wanormani kuingia nchini, ilikwisha kuandikwa nani atunze kipi. Kila nguzo ilikuwa na mwenyewe: ya kwanza na ya tatu za askofu wa Rochester, ya nne ya mfalme, ya tano na ya tisa za askofu mkuu. Mwenye nguzo aliitengeneza, akaiwekea mihimili, akapigilia mbao za kipande chake. Kimaandishi mpango ulipendeza. Kwa msafiri, mbao mbovu za mmoja zilitosha kumkwamisha katikati ya mto.

Mwaka 1381 barafu na mafuriko vililibomoa. John de Cobham, mwenye ardhi wa Kent, na Robert Knolles, jemadari aliyetajirika kwa vita vya Ufaransa, wakajenga jingine la mawe, juu kidogo ya mto. Lilikamilika mwaka 1391, likiwa na matao 11. Chini ya kila nguzo palikitwa magogo yaliyovishwa chuma nchani, na nafasi baina yake zikajazwa mawe laini ya chokaa. Mashina hayo mapana yaliubana mto, maji yakapita kwa nguvu, na kuyakarabati ikawa kazi isiyokwisha.

Fedha za kazi hiyo zilitoka kwenye ardhi. Cobham na wenzake walitoa mashamba na nyumba ili kodi yake ilitunze daraja, na mwaka 1399 Mfalme Richard wa Pili akawaruhusu wasimamizi wawili wa kuchaguliwa kumiliki mali hiyo daima.

Wakfu ulidumu kuliko mawe. Daraja jipya la chuma lilifunguliwa mwaka 1856, na mwaka uliofuata wahandisi wa jeshi wakalilipua la zamani, ambalo matao yake yalikuwa yakizisumbua meli. Sehemu ya kingo zake za mawe bado imepangwa kando ya mto. Kanisa dogo la wasafiri, lililosimama upande wa mashariki, lilikarabatiwa mwaka 1937. Daraja la pili la magari lilifunguliwa mwaka 1970. Wakfu ndio unaoyatunza yote mawili, na anayevuka halipi kitu.